Enzi ya Mungu maana yake nini ukiwa ndani ya shida

Kanisani tunasema sana "Mungu ni mwenye enzi" au "tuyaachie maongozi ya Mungu", ila msikilize vizuri anayesema utakuta wengi tunamaanisha basi tena, imeshaandikwa, tufanyeje. Hiyo siyo imani jamani, hiyo ni kukata tamaa.

Enzi ni kutawala. Zaburi 103:19 inasema Bwana ameweka kiti chake cha enzi mbinguni na ufalme wake unavitawala vitu vyote, na vyote ni vyote, hata hili ziwa letu la Victoria na upepo wake. Maongozi ni kwamba huyu anayetawala hajakaa mbali anatazama tu, anakushika mkono na ana pa kukupeleka. Kwa hiyo kumtumaini ni kusema njia siijui ila anayeniongoza namjua.

Mfano ninaoupenda uko Matendo 27, na sisi watu wa ziwani tunauelewa haraka. Paulo ni mfungwa anapelekwa Rumi, ndani ya merikebu wako watu 276, dhoruba inawapiga mpaka usiku wa 14. Malaika ameshamwambia hakuna atakayekufa, merikebu tu ndiyo itapotea. Sasa angalia, mtu ana ahadi mkononi lakini hajaenda kulala, mabaharia wanataka kutoroka na mashua Paulo anamwambia akida, mkuu wa askari, hawa wasipobaki humu hamtapona, anawabembeleza watu wale chakula wapate nguvu, ngano inatupwa majini, na mwisho wanaojua kuogelea wakaogelea na wengine wakashika mbao, wote wakafika nchi kavu. Merikebu ilivunjika kweli. Ahadi ilikuwa ya watu haikuwa ya merikebu, na nadhani hapo ndipo wengi tunapoumia, maana tulishajiaminisha kwamba na merikebu tumeahidiwa.

Ila neno hili usilitumie kumnyamazisha anayelia. Hapa Mwanza tunayo makaburi ya Igoma, ndugu zetu wa meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na mtu aliyezika pale ukimwambia Mungu alikuwa na sababu yake unamuongezea kidonda, sababu yenyewe wewe umeambiwa na nani? Yesu alipowataja wale 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu alikataa kabisa kwamba walikuwa na makosa kuliko wengine, na sababu ya mnara kuanguka hakuitaja. Hata Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu utanisahau hata lini, halafu mtu huyohuyo anamaliza anaimba. Kumlilia Mungu ni kumwamini, hakuna anayemlilia asiyekuwepo.

Mimi hili nimelijua kwa mama yangu kabla sijalisoma popote. Alikuwa anaanika dagaa mwaloni Igombe, mtaji mkopo wa kikoba, siku moja mvua ikashuka saa nne asubuhi dagaa zote ziko mchangani, tukakimbia na ndoo na kanga lakini wapi, ziliishalowa na kesho yake zimeanza kunuka, akaja mtu wa chakula cha kuku akazichukua kwa bei ya kutupa. Mama alikaa pale kwenye mchanga mbichi mikono imejaa dagaa akasema "Baba umeona", akarudia tena "umeona", basi. Sikumsikia akisema ni sawa, kwa sababu haikuwa sawa, na rejesho la kikoba lilikuwa Ijumaa. Jioni akaenda kwa mwenyekiti wa kikoba mwenyewe kwa miguu kuomba wiki mbili, kurudi akanituma kwa jirani nikaazime turubai, kesho yake kabla hakujakucha alikuwa mwaloni anangoja mitumbwi irudi, anaimba.