Kasuku wa ng'ambo: kibali kwanza, tiketi baadaye

Wanaotaka kuleta kasuku Nairobi kutoka ng'ambo huanza kwa kuuliza ushuru ni pesa ngapi. Ushuru si kitu. Kazi iko kwenye vibali, navyo vinatakiwa viwe mkononi kabla kasuku hajasafirishwa. Akitua uwanja wa ndege wa JKIA bila kibali, usidhani utalipa faini dirishani umchukue mkaende nyumbani. Atazuiliwa, na huenda akarudishwa alikotoka au akaangamizwa.

Kibali cha kwanza hutolewa na Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, kule Kabete. Hiki kinahusu magonjwa, na huandamana na cheti cha afya kilichotiwa sahihi na daktari wa mifugo wa serikali ya nchi anakotoka kasuku. Wengi huuona huu ni usumbufu tu. Lakini mwaka 2005 virusi vya homa ya ndege, H5N1, viligunduliwa karantini nchini Uingereza katika ndege wa vizimbani walioagizwa kutoka Taiwan, na kufikia 2007 Umoja wa Ulaya ulikuwa umepiga marufuku ya kudumu uagizaji wa ndege wa porini. Tena kasuku anaweza kubeba virusi vya kideri, ugonjwa unaoua kuku, na kuvisambaza kwa miezi bila dalili yoyote. Mfugaji wa kuku wa Kiambu anajua maana yake.

Kibali cha pili ni cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na hapa nchini hutolewa na KWS, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Karibu jamii zote za kasuku zimo katika mkataba huo. Kasuku wa kijivu, yule msemaji hodari, amekuwa katika Kiambatisho cha Kwanza, orodha yenye masharti makali zaidi, tangu 2017, kwa hivyo aliyenaswa porini hauzwi kimataifa kibiashara. Bajerigari na kokatili, kasuku wadogo wa kufugwa, hawamo katika mkataba, ila kibali cha Kabete bado wanakihitaji.

Na wewe unayenunua kwa muuzaji wa mtandaoni hapa hapa jijini? Omba nakala za vibali, kisha mtazame kasuku mguuni. Pete ya ndege aliyezaliwa kizimbani haina kiungo: huvishwa kifaranga wa siku chache, na akishakua haipiti tena kwenye vidole. Ukiona pete ina mshono au imekwaruzwa pembeni, shuku. Namba yake isipolingana na ya kwenye karatasi, wapigie KWS kabla hujatuma M-Pesa, hata kama muuzaji anasema kuna mteja mwingine njiani.