Kalala, Lakini Macho Yanatembea

Swali limerudi tena. Safari hii limeandikwa pembeni mwa ombi letu la fedha za utafiti wa kupima seli za ubongo zinazohusika na kuona, mnyama akiwa amelazwa mbele ya skrini, na mtu ambaye kwa kila dalili ni msomi kunizidi: “Mnyama tayari yuko kwenye nusukaputi. Ya nini tena kumlegeza misuli na kumwekea mashine ya kupumulia? Macho ya aliyelala hayaendi popote.”

Yanaenda. Muulize daktari yeyote wa mifugo aliyewahi kumpasua mbwa. Usingizi ukikolea kiasi, jicho la mbwa hugeukia chini, upande wa pua, ukifunua kope unaona weupe mtupu. Ukizidi kukolea, jicho linarudi katikati. Madaktari hao huutumia mwendo huo kupimia kina cha usingizi. Arthur Guedel naye, daktari wa usingizi, katika chati yake maarufu ya dalili za mgonjwa aliyelazwa kwa etha, aliyahesabu macho yanayorandaranda kuwa dalili ya hatua ya upasuaji ikiwa bado changa. Dawa ya usingizi ya ketamini ndiyo kabisa: mgonjwa kakodoa, macho yanachezacheza polepole, na hana habari na dunia.

Najua imani hii inatoka wapi. Inatoka kwa watafiti wa panya. Eneo pokezi la seli, yaani kile kipande cha mandhari ambacho seli hiyo hukiitikia, kwenye gamba la kuona (sehemu ya ubongo inayopokea habari za macho) la panya mdogo wa maabara mara nyingi ni digrii kumi na zaidi, na chini ya dawa za kulaza kama isoflureni, au uretani pamoja na klorprothikseni, macho yake hutulia vya kutosha. Unaweka kamera mbele ya mboni, unapaka mafuta ya silikoni konea, kioo cha mbele cha jicho, isikauke, kazi inaendelea. Kwa panya, sawa kabisa. Shida ni pale mtu anapouchukua utulivu huo na kumpa paka au kima.

Hesabu ni fupi. Weka skrini sm 57 kutoka jichoni, sentimita moja inakuwa digrii moja. Seli ya paka inayohudumia katikati ya uoni ina eneo pokezi la kama digrii moja, pengine chini ya hapo. Ya makaku, aina ya kima, kwenye fovea, kishimo cha retina chenye uoni mkali kuliko kote, ni kijisehemu tu cha digrii. Jicho likiteleza milimita tano za skrini, mstari wako wa mwanga umeshaikosa seli ya makaku, nawe unaandika daftarini “seli imechoka”. Haijachoka. Iko palepale inasubiri, jicho ndilo limehama.

Ndiyo maana David Hubel na Torsten Wiesel, watafiti wa seli za kuona, katika makala yao ya 1959 iliyotokana na paka 24, hawakuishia kwenye thiopentali, dawa ya usingizi. Waliyatuliza macho kwa sukisinilikolini, dawa ya kulegeza misuli, iliyokuwa ikiingia mshipani mfululizo, na kwa kuwa dawa hiyo hailegezi macho tu, ilibidi paka apumuliwe kwa mashine. Atropini ilipanua mboni na kuizuia lenzi isijirekebishe yenyewe. Kwa paka wengi wetu huongeza matone ya fenilefrini, kope la tatu lijikunje pembeni lisifunike jicho. Hayo ni ya kawaida, tusonge.

Sukisinilikolini yenyewe ina kituko ambacho hakisemwi vya kutosha. Kwanza huichochea misuli, ndipo inailegeza. Misuli ya mguu hutikisika kidogo na kunyong’onyea. Misuli inayozungusha jicho ni tofauti: ina nyuzi ambazo kila mmoja umeungwa na mshipa wa fahamu sehemu nyingi, na nyuzi hizo zikiipata dawa hii hujikaza na kubaki zimejikaza. Dawa uliyoileta ilitulize jicho inalivuta! Ndiyo sababu wengi walihamia galamini, kisha pankuroniamu na vekuroniamu, dawa za kulegeza ambazo huizuia amri ya mshipa wa fahamu isifike kwenye misuli, bila kuichochea kwanza.

Na hata hapo bado. Mwaka 1967 Rodieck, Pettigrew, Bishop na Nikara walichapisha makala nzima kuhusu mwendo unaobaki kwenye macho ya paka waliokwisha kulegezwa. Kuna mtikisiko mdogo unaofuata mapigo ya moyo na pampu ya hewa. Kuna pia mteremko wa polepole, wa saa na saa, na huo ndio unaoninyima raha, kwa sababu hauonekani ukiutazama. Walikuwa na sababu ya kuhangaika: walitaka kujua kama seli inayopokea habari kutoka macho yote mawili huwa na maeneo pokezi yasiyolingana kati ya jicho na jicho, jambo linalodhaniwa kuwa msingi wa kuona umbali. Sasa fikiria. Unapima seli ya kwanza asubuhi na ya pili alasiri, zinatofautiana nusu digrii. Je, umegundua siri ya ubongo, au jicho la kushoto limesogea wakati ukinywa chai? Ukiwa na namba mbili tu huwezi kujibu.

Kwa hiyo tunagandisha kipete cha chuma kwenye weupe wa jicho na kukifunga kwenye nguzo. Tunamulika ndani ya jicho, tunalichora skrinini doa pofu, yaani pale mshipa wa fahamu unapotokea jichoni, kisha tunarudia kila baada ya muda. Wengine huacha elektrodi ya pili, sindano ya kunasa umeme wa seli, kwenye seli moja ya rejea. Eneo lake likihama, jicho limehama. Njia zote nzuri, zote zina walakini. Kingo za doa pofu si kali, na ukiwapa watu wawili kalamu watachora duara mbili. Alama moja haikuambii kama jicho limejizungusha kwenye mhimili wake; unahitaji ya pili, na kwa paka katikati ya retina hakuna shimo la kulenga, unakisia kwa mpangilio wa mishipa ya damu. Kipete nacho kikivuta sana kinaipinda konea, picha inaharibika. Seli ya rejea je? Usingizi ukibadilika kina, nayo hubadilika.

Lipo kosa jingine, baya zaidi, na hilo halinichekeshi: kudhani kuwa aliyelegezwa amelala. Vekuroniamu haigusi maumivu wala fahamu. Inamwondolea mnyama uwezo wa kuvuta mguu, kupepesa, kukataa. Basi upasuaji wote humalizika kwanza chini ya nusukaputi pekee, unabana kidole, unaangalia kama mguu unajivuta, na ukisharidhika kwamba usingizi umekaa sawasawa ndipo dawa ya kulegeza inaingia. Baada ya hapo umebaki na mapigo ya moyo, shinikizo la damu, kabonidioksidi anayoitoa, na mawimbi ya ubongo.

Je, hivyo vinatosha? Nitasema ukweli: ni ushahidi wa pembeni. Zamani maabara nyingi zilimwendeshea paka oksidi ya nitrasi, gesi dhaifu ya usingizi, asilimia 70 na kuliita hilo usingizi, na leo haikubaliki kuitegemea hiyo peke yake. Kuzidisha dozi ili moyo wako utulie nako kuna gharama, kwa sababu gamba la ubongo hunyamaza na hakuna cha kupima. Tunatembea katikati ya hayo mawili, na kwetu kuna sharti moja lisilojadiliwa: anayekesha kwenye mashine za usingizi hawi yuleyule anayesaka seli. Anayesaka seli, ikianza tu kuitikia na umeme wake kusikika kwenye spika, hasikii kengele nyingine yoyote chumbani.