Wakati uliopita kwenye Kiassam: mambo yote yako mkiani

Kiassam ni lugha ya jimbo la Assam, kaskazini mashariki mwa India, bonde la mto Brahmaputra kule kwenye mashamba ya chai. Wenyewe wanaiita Oxomiya, na hiyo x isome kama kh ya kheri vile watu wa pwani wanavyoitamka hasa. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 15 ambao hiyo ndo lugha yao ya mama, kwa hiyo sio kalugha kadogo kama wengi wanavyodhani.

Sasa sisi tumezoea kitenzi kibebe mizigo kichwani, ni-li-kula, mtu kwanza, wakati unafuata, tendo mwishoni. Wao wanabeba nyuma. Unachukua mzizi wa kitenzi, unabandika -il-, alafu mtu anakuja mwisho kabisa. Kufanya mzizi wake ni kor, nilifanya inakuwa korilu. Mzizi ukiishia na irabu ile i inadondoka inabaki l peke yake, kula ni kha, nilikula ni khalu. Na kinacholiwa kinakaa kabla ya kitenzi: moi bhat khalu, yaani mimi wali nilikula.

Najua ushaona -li- yetu na -il- yao ukahisi hawa ni ndugu, mi pia nilivyoiona mara ya kwanza nilishtuka, lakini hapana. Yao imetoka kwenye lugha za kale za India, ndo maana Kibengali, Kiodia mpaka Kimarathi zina l hiyohiyo. Yetu ni kile kitenzi cha zamani cha kuwa, kile kinachosikika kwenye aliye na aliko. Zimekutana njiani tu.

Uzuri wenyewe uko kwenye ule mkia wa mwisho, maana ndo unasema unaongea na nani. Tuseme umefika nyumbani kwa watu Guwahati, mji mkubwa wa Assam, mchana, na kule kuuliza mtu kama amekula wali ni kumjulia hali kabisa. Mtoto wa nyumba au mdogo wako sana unamuita toi, unamuuliza bhat khali ne? Rafiki au rika lako ni tumi, bhat khala ne? Baba mwenye nyumba ni apuni, bhat khale ne? Hiyo ne ya mwisho ndo je yetu. Swali ni moja, irabu tatu tofauti, na ukimpa mzee khali badala ya khale umemvunjia heshima hata kama umetabasamu. Sisi heshima tunaiweka nje ya kitenzi, unasema shikamoo, unaongeza mzee au mama, alafu umekula inabaki umekula kwa wote, mkubwa na mdogo. Wao wameiingiza ndani ya kitenzi chenyewe, hauna pa kuikwepa.

Kwa upande mwingine wamekupunguzia kazi. Kitenzi hakijali umoja wala wingi: moi khalu nilikula, ami khalu tulikula, kilichobadilika ni nani tu. Mwanaume au mwanamke pia kitenzi ni kilekile.

Ila kuna kona moja inawasumbua wanafunzi wengi, nayo ni yule anayesemwa, yaani yeye. Alikula ni khale, alifanya ni korile, zina e mwishoni. Alikuja ni ahil, alienda ni gol, hazina e. Kwa ujumla kitenzi kinachobeba kitu cha kutendwa kinataka e, tena jina la mtendaji nalo linapewa e: Rame bhat khale, Ram alikula wali, lakini Ram ahil, Ram alikuja. Usiishike kama amri ya polisi lakini, maana kucheza ngoma na kucheka havina cha kutendwa na bado vinachukua e, nasile, hanhile. Ukivitazama ni vitu mtu anavifanya kwa nguvu zake mwenyewe, sio kama kufika au kwenda. Hapo mi naona bora ujifunze kitenzi pamoja na umbo lake la yeye, kama sisi tunavyojifunza nomino na ngeli yake.

Kukanusha ni tamu. Unaweka n mbele alafu irabu inaiga ya mzizi: khalu inakuwa nakhalu, korilu nokorilu, likhilu (niliandika) nilikhilu, xunilu (nilisikia) nuxunilu. Sikio lililozoea pika-pikia na soma-somea halitapata shida hapo, irabu kufuatana tunaijua. Na kama sisi tunavyotenganisha sikula na sijala, wao pia wana njia yao ya bado: moi khowa nai, sijala, xi (yeye) oha nai, hajaja, na hiyo nai haibadiliki awe nani.

Kwa nilikuwa nafanya wanasema korisilu, na ukiichana ndani utakuta asilu, nilikuwa, imemezwa na kitenzi. Hiyohiyo inabeba na nilikuwa nimefanya, maneno ya jirani ndo yanakuambia ipi. Ningalienda je? Unaongeza heten: goluheten.

Na kuna siku utamsikia mtu amesimama mlangoni, viatu mguuni, anasema moi golu dei. Neno kwa neno ni mimi nilienda, na bado yuko mbele yako. Usishangae, ni kama wewe unavyoaga huku bado umekaa kwenye kiti, haya jamani mi nimeondoka. Hiyo dei inalainisha tu, na wewe unamuitikia.