"Hela inaingia benki ya kwetu, kodi ya huko inatoka wapi?"

Mteja wa mwisho aliyeniuliza swali hilo alikuwa na fleti Hispania, wageni waliofululiza kiangazi kizima, na tabasamu la mtu aliyevumbua njia ya mkato. "Wakili, wageni wanalipia mtandaoni, hela inaingia benki ya kwetu. Hispania haipiti hata senti. Sasa wananidai nini?" Nikamuuliza fleti yenyewe iko wapi. Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lote ni hilo.

Pato la nyumba hufuata nyumba. Halifuati akaunti, wala pasipoti, wala kitanda anacholalia mwenye nyumba. Ardhi haihami, kwa hiyo nchi iliyo nayo ndiyo huanza kutoza. Mfano wa mikataba ya kodi wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, ambao nchi nyingi zimechota kwake mikataba yao, unaeleza hivyo katika Kifungu cha 6: pato la mali isiyohamishika linaweza kutozwa kodi na nchi mali ilipo.

Hapo hujibiwa, kila mara: "Lakini upo mkataba wa kuzuia kutozwa mara mbili." Upo, ila umesomwa nusu. Mkataba haukupi nafasi ya kuchagua pa kulipa. Kwa kawaida unalipa kwanza ilipo nyumba, kisha nchi unayoishi ama inakupunguzia kiasi ulicholipa huko, ama inaliacha pato hilo bila kulitoza kodi. Aliyeruka hatua ya kwanza hana cha kupunguziwa, na deni lake kule linaendelea kula riba na faini.

Kisha kila nchi ina mtego wake. Hispania humtoza mpangishaji anayeishi nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya asilimia 19, baada ya kutoa gharama zake. Anayeishi nje ya Umoja huo, na nje ya majirani wachache waliofungamana nao, hutozwa asilimia 24, na kwa miaka mingi mamlaka ya kodi imekataa kumtolea gharama. Siku ambazo fleti iko tupu nazo zina kodi yake: mwenye nyumba asiye mkazi huhesabiwa kwamba amepata pato la kukadiriwa hata kama hakuna aliyelala humo. Mteja wangu alidhani hapo namtania.

Uingereza, wakala anayekusanya kodi ya pango kwa niaba ya mwenye nyumba aliye ng'ambo hukata asilimia 20 na kuipeleka serikalini, isipokuwa mwenye nyumba awe ameomba na kukubaliwa kupokea fedha zake nzima. Kupokea nzima si kusamehewa: ritani, yaani fomu ya kutangaza mapato yako kwa mamlaka ya kodi, inabaki palepale. Marekani, asiye mkazi hutozwa asilimia 30 ya pato ghafi, bila kujali riba ya mkopo, bima wala matengenezo, mpaka achague kutozwa kama mfanyabiashara, yaani juu ya kinachobaki baada ya gharama. Chaguo hilo hufanywa ndani ya ritani. Akichelewa mno kuipeleka, haki ya kutoa gharama inaweza kumpotea, na mwaka wa hasara ukageuka mwaka wa deni. Ndiyo maana wateja wangu wamechoka kunisikia nikirudia: peleka ritani hata kama hukupata faida. Hasa kama hukupata faida.

"Watajuaje?" Hili nalo huulizwa, kwa sauti ya chini kidogo. Tangu 2023, majukwaa ya mtandaoni ya kupangisha nyumba yanayofanya kazi katika Umoja wa Ulaya yanatakiwa kukusanya jina, anwani, namba ya mlipakodi na mapato ya kila mpangishaji wa nyumba iliyo humo, awe anaishi Ulaya au asiishi. Taarifa za kwanza zilipelekwa mapema 2024, na mamlaka za kodi hupashana habari. Barua ikifika nyumbani kwako, wao walishajua zamani.

Mengine nitayasema kwa kifupi.

"Nina hati, nani atanizuia?" Hati inasema nyumba ni ya nani, haisemi inatumikaje. London, nyumba ya kuishi haipangishwi kwa muda mfupi zaidi ya usiku 90 kwa mwaka bila kibali cha mipango miji. New York, kwa ukaaji wa chini ya siku 30, mwenyeji lazima awe anaishi humohumo pamoja na wageni, na wageni wasizidi wawili; aliye ng'ambo hana lake hapo. Thailand, kulaza wageni kwa chini ya siku 30 kunagusa sheria ya hoteli. Na Hispania, tangu tarehe 3 Aprili 2025, anayetaka kuanzisha fleti ya watalii anahitaji kukubaliwa na tatu ya tano ya wamiliki wenzake wa jengo. Mimi husoma mihtasari ya vikao vya wamiliki kabla sijaangalia hata picha za nyumba. Ugomvi wote umeandikwa mle.

"Aliyeniuzia alikuwa na leseni." Yeye, si wewe. Sehemu nyingi leseni haihami yenyewe pamoja na funguo, na hata inayohama inaweza kuwa na tarehe ya kufa: Barcelona imetangaza kwamba haitahuisha leseni za fleti za watalii zitakapokwisha Novemba 2028. Uliza halmashauri, kwa maandishi, usimuulize dalali.

"Jukwaa limenikubali, basi ni halali." Jukwaa linauza nafasi ya tangazo. Italia inataka kila nyumba ya wageni iwe na namba ya utambulisho ya taifa, ionekane kwenye tangazo na nje ya jengo, na atakayeulizwa kwanza ni wewe.

"Hii si hoteli, siandikishi wageni." Italia, majina ya wageni hupelekwa polisi ndani ya saa 24 tangu wafike. Thailand muda ni huohuo, taarifa ikienda uhamiaji kwa kila mgeni wa kigeni.

"Nitakwenda kuwapokea na kufanya usafi mwenyewe." Kwa viza ya utalii? Kumiliki nyumba si kibali cha kazi, na ofisa wa uhamiaji akikukuta na ndoo na shuka za wageni hataki kuona hati yako. Ajiri mtu wa palepale, mwenye kutoa risiti halali. Risiti hizo utazitaka siku ya ritani.