Matangazo kwenye tovuti ya sanaa ya mashabiki: pesa iko wapi hasa?

Wachoraji huniuliza: nikichora wahusika wa katuni au wa michezo ya kompyuta ninaowapenda, nikaweka picha kwenye tovuti yangu, nitalipwa kwa matangazo? Unaweza kulipwa. Ila mara nyingi anayekukatia riziki si hakimu, ni kampuni ya matangazo yenyewe, na haihitaji kukuburuza mahakamani ili ifanye hivyo.

Mchoro wa shabiki ni kazi iliyotokana na kazi ya mtu mwingine. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1976, ambayo kampuni kubwa za matangazo hufanya kazi chini yake, inampa mwenye mhusika haki ya kuruhusu au kukataza kazi za namna hiyo. Kuna mwanya wa matumizi ya haki (fair use), yaani kutumia kazi ya mtu bila ruhusa pale sheria inapokubali, unaopimwa kwa mambo manne, na moja kati ya hayo ni kama unatafuta faida. Kutafuta faida peke yake hakukuhukumu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hivyo mwaka 1994. Lakini mwaka 2023, katika shauri la picha ya mwanamuziki Prince iliyotengenezwa na msanii Andy Warhol kutokana na picha ya mpiga picha Lynn Goldsmith, mahakama hiyohiyo ilionyesha kwamba mtindo mpya hautoshi kama kazi yako inauzwa kwa lengo lilelile. Anayeniambia "lakini nimeichora kwa mkono wangu" namrudisha kwenye shauri hilo.

Sasa njoo kwenye akaunti yako. Sera za Google AdSense, huduma inayoweka matangazo kwenye tovuti yako na kukulipa, zinakataza matangazo kwenye kurasa zinazokiuka hakimiliki. Mwenye kazi akituma notisi ya kutaka picha iondolewe, kwa utaratibu uliowekwa na DMCA, sheria ya Marekani ya 1998 kuhusu hakimiliki mtandaoni, ukurasa unaweza kukosa matangazo, na makosa yakijirudia akaunti nzima inaweza kufungwa. Na hata kabla ya hapo, tovuti yenye picha tupu bila maandishi mara nyingi hukataliwa kwa kukosa maudhui ya kutosha.

Tuseme umekubaliwa. Fanya hesabu kwa mfano: mapato ya dola 2 kwa kila kurasa 1,000 zilizotazamwa, na kurasa 20,000 kwa mwezi, ni dola 40. AdSense hailipi mpaka ufikishe dola 100, kwa hiyo utaifikisha mwezi wa tatu. Toa wageni waliofunga matangazo kwenye vivinjari vyao (na mashabiki wa michezo ya kompyuta ni mabingwa wa hilo).

Ushauri wangu ni kwamba pesa usiitafute kwenye picha, itafute kwenye maelezo yako. Ukurasa unaofundisha jinsi ya kuchora mikunjo ya nguo, kuchagua rangi za ngozi kwenye mwanga wa usiku, au kulinganisha kalamu za kidijitali ni mali yako mwenyewe. Unapatikana kwa utafutaji, na huvutia watangazaji wanaouza vifaa vya kuchorea. Weka matangazo hapo, na uyazime kwenye kurasa za picha za mashabiki. Hilo halimwondolei mwenye mhusika haki yake. Linapunguza tu sababu za kukusumbua.

Kisha soma masharti ya kila mmiliki, maana hayafanani. Mwongozo wa 2018 wa Nintendo, kampuni ya michezo ya kompyuta, ambao watu hupenda kuutaja, unahusu video na picha zilizopigwa ndani ya michezo, na unaruhusu kipato kupitia majukwaa ambayo mwongozo wenyewe umeyataja. Mchoro kwenye tovuti yako haumo. Mickey Mouse wa 1928 hana tena hakimiliki nchini Marekani tangu Januari 1, 2024, lakini hilo halihusu matoleo ya baadaye ambayo bado yana hakimiliki, na alama za biashara za Disney bado ziko hai.

Mwisho, usibofye matangazo yako, wala usiwaombe mashabiki wakubofyee. Mibofyo ya namna hiyo hugunduliwa, na pesa yake hurudishwa kwa watangazaji.