Mpangaji wa uzalishaji ni nani? Mfano wa kiwanda cha saruji

Mpangaji wa uzalishaji ndiye anayeamua kiwanda kitengeneze nini, kiasi gani, lini na kwa mtambo upi, kisha anahakikisha malighafi, nishati, vipuri na watu wamekuwa tayari kabla ya saa hiyo. Haendeshi mitambo wala hauzi bidhaa. Watu wa mauzo wanataka mzigo leo, watu wa uzalishaji hawataki mtambo usimame, na mafundi wa matengenezo wanataka usimame waukague. Yeye ndiye anayewapatanisha, na silaha yake ni hesabu.

Kiwanda cha mikate kikikosea hesabu leo, kesho alfajiri kinasahihisha. Viwanda vizito havina nafasi hiyo, na saruji inaonyesha sababu vizuri.

Mawe ya chokaa huchimbwa, hupondwa na kusagwa pamoja na udongo, kisha unga huo huingia kwenye tanuru, yaani bomba refu la chuma linalozunguka, ambamo huchomwa hadi kufikia nyuzi joto 1,450 hivi za Selsiasi. Kinachotoka ni klinka, vinundu vigumu vya kijivu. Klinka ikisagwa na jasi (gypsum) kidogo, na mara nyingi mawe ya chokaa au pozolana, kama vile majivu ya volkano, ndipo inakuwa saruji.

Tanuru limejengewa kwa ndani matofali yanayostahimili moto. Likizimwa ghafla, matofali hupoa na kupasuka. Kuliwasha tena ni kazi ya kupandisha joto polepole kwa siku nzima au zaidi, nishati inateketea na klinka haijatoka hata kilo moja. Kwa hiyo tanuru hupangwa liwake usiku na mchana kwa miezi. Vinu vya kusagia saruji ni tofauti: unaweza kukizima kimoja jioni na kukiwasha asubuhi. Ndiyo maana mpangaji ana mipango kadhaa kwa wakati mmoja: ya tanuru kwa mwaka, ya vinu kwa wiki, ya kupakia malori kwa zamu.

Kati ya tanuru na vinu kuna ghala la klinka, na kwa maoni yangu hapo ndipo ufundi wa kazi hii ulipo. Tuchukue kiwanda cha mfano. Tanuru linatoa tani 2,000 za klinka kwa siku, na mauzo ni tani 2,000 za saruji kwa siku. Saruji yake ina klinka asilimia 80, kwa hiyo vinu vinakula tani 1,600 na tani 400 zinabaki ghalani. Tanuru likihitaji matengenezo ya siku 20, vinu vitahitaji tani 32,000 za akiba ili wateja wasikose mzigo. Kwa tani 400 kwa siku, akiba hiyo hukusanywa kwa siku 80.

Sasa soko libadilike, wakandarasi watake saruji yenye klinka asilimia 90. Mauzo hayajaongezeka hata mfuko mmoja, lakini vinu vinakula tani 1,800 kwa siku. Akiba inayohitajika inapanda hadi tani 36,000, na kinachobaki kila siku ni tani 200 tu. Siku 80 zimekuwa 180! Anayetazama jumla ya mifuko peke yake hataliona hili mpaka tanuru limezimwa na ghala ni tupu.

Masika, Machi hadi Mei, huvutia kwa matengenezo makubwa kwa sababu ujenzi hupungua. Lakini klinka iliyorundikwa nje ikinyeshewa huharibika, kwa hiyo akiba inahitaji paa.

Malighafi nazo zina safari zake. Jasi inaweza kutoka Makanya, wilayani Same, na makaa ya mawe Ngaka, mkoani Ruvuma. Yote hayo ni barabara ndefu, na mpangaji huhesabu siku za lori na za mvua. Kiwanda cha Wazo, Dar es Salaam, kilichoanza kuzalisha 1966, hupata gesi ya Songosongo kwa bomba, kwa hiyo hesabu yake ya nishati si ya malori. Matofali ya tanuru mara nyingi huagizwa nje, na meli haiharakishwi kwa simu.

Hata hivyo mpango mzuri huvunjika. Beringi ikifa usiku haisomi ratiba. Klinka ikipungua kuliko mahitaji, mpangaji anaamua ni saruji ipi isagwe kwanza na mteja yupi asubiri, na anawaambia watu wa mauzo siku hiyo hiyo. Mkandarasi aliyepata taarifa Jumatatu anaweza kusogeza siku ya kumwaga zege. Aliyeambiwa lori lake likiwa getini, na vibarua wakimsubiri saiti, hana la kufanya.