Kwa Nini Naulizia Tochi Saa Mbili Asubuhi

Wiki iliyopita nilimwuliza mgeni kama amebeba tochi, naye akanijibu kwa upole, "Kaka, si tunarudi mchana?" Tulikuwa Kigoma mjini tukisubiri boti ya kwenda Hifadhi ya Gombe, naye alikuwa na maji, kamera na kofia nzuri kuliko yangu. Swali hilo nimelijibu mara nyingi mno katika kazi hii ya kuongoza watu milimani, kwa hiyo leo nalijibu kwa maandishi.

Hakuna anayepanga kurudi usiku. Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na kingo za Bonde la Ufa zilizo nyuma ya fukwe za Gombe hufika takriban mita 1,500, tena katika umbali wa kilomita chache tu. Mtu akiteguka kifundo cha mguu huko juu saa tisa alasiri, njia aliyoipanda kwa saa mbili anaweza kuishuka kwa saa tano, na safari ya mchana imekwisha kuwa ya usiku bila mtu yeyote kufanya uzembe.

Wageni kutoka Dar es Salaam wana kosa lao la pekee. Saa yetu ni moja nchi nzima, lakini Kigoma iko magharibi mno, hivyo jua huzama kwetu dakika 40 hivi baada ya kuzama kwao. Mgeni huangalia saa kumi na mbili na nusu jioni, akaliona jua bado liko juu ya milima ya Kongo, akaamini kwamba jioni ya huku ni ndefu. Si ndefu, imechelewa tu. Huku karibu na ikweta, jua likishazama giza hutanda ndani ya nusu saa, na bondeni chini ya miti mikubwa huwa limekwisha kutanda kabla ya hapo.

Hapo ndipo ninapoambiwa, "Simu yangu ina tochi." Ninaomba ndugu msomaji ajaribu kushuka mteremko wa changarawe akiwa ameshika simu mkononi. Mkono huo ndio uliopaswa kushika mti. Mwanga wa simu hutawanyika karibu na miguu na haufiki pale njia inapokata kona, na ikianguka juu ya jiwe, umepoteza kwa mpigo mmoja taa, ramani na njia ya kuita msaada. Zaidi ya hayo, mahali ambapo mtandao ni hafifu simu huutafuta bila kukoma, chaji ikaisha haraka, kwa hiyo simu uliyoitumia kupiga picha tangu asubuhi hufika jioni ikiwa imechoka kuliko mwenyewe. Tochi ya kichwani huacha mikono yote miwili huru. Pawabenki ni kitu kizuri, lakini haikuongezei mkono wa tatu.

Mengine nayataja kwa haraka: maji lita tatu, koti la mvua hasa kati ya Novemba na Aprili, bandeji, chakula cha ziada na filimbi. Kamba ya kufungia mguu ulioumwa na nyoka iache nyumbani. Usifunge, usichanje, usinyonye, mtulize mgonjwa na umwahishe hospitali. Dira ninaibeba, ingawa nakiri kwamba upande huu ziwa liko magharibi daima na sikumbuki lini niliihitaji kweli. Filimbi nayo hunitia shaka kidogo: wengine hufundisha kupuliza mara tatu, wengine mara sita kwa dakika, na mwanakijiji anayeisikia huenda akadhani ni mpira. Mimi hupuliza mara tatu, nanyamaza, kisha narudia, na kabla ya kuondoka huwaeleza wenyeji maana yake.

Jambo la mwisho ni tochi inayojiwasha yenyewe ndani ya begi ikamaliza betri kabla hujaihitaji. Geuza betri moja nyuma mbele unapoifungasha, kisha uirudishe sawa saa kumi alasiri, wakati vidole bado vinaonekana.